Niliua Altaneta Tatu Kabla ya Kuchungulia Matundu Yake

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia. Altaneta ya gari lake, ile mashine inayozungushwa na injini ili itoe umeme na kuchaji betri, ilikufa, akaweka nyingine, nayo imekufa kabla mwaka haujaisha. Muuza spea kamwambia ile ya pili ilikuwa feki, safari hii achukue orijino. Ujumbe ukaishia na maneno mawili: "Dada, nimechoka."

Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka. Mimi sikuishia mbili. Nilizika tatu, na kati ya msiba wa kwanza na wa tatu ilipita miezi 14 tu. Na nilikuwa na mtu wa kumlaumu.

Ya kwanza sina kinyongo nayo. Ilikuwa ileile iliyotoka na gari kiwandani. Taa nyekundu ya betri iliwaka nikiwa safarini usiku, taa kubwa zikafifia mpaka zikawa njano kama mshumaa, gari likazima. Nikabadilisha, maisha yakaendelea.

Ya pili ilidumu miezi minane, na hapo ndipo nilipoanza ugomvi. Nilirudi kwa aliyeniuzia nikiwa nimeibeba mkononi, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba kaniuzia takataka. Fundi wangu wa wakati huo alikuwa upande wangu, au ndivyo nilivyodhani, mpaka nilipomsikia akimwambia mwenzake kwamba wanawake huwasha kila kitu ndani ya gari halafu wanashangaa umeme kuisha. Sijasahau. Nimeshayaandika haya hapa mara ngapi sijui, na leo mtanisamehe nikirudia.

Kinachouma zaidi ni kwamba maneno yake yalikuwa na chembe ya ukweli. Nilikuwa nimefunga amplifaya ya muziki na taa mbili za ziada mbele. Betri ilikuwa imechoka, kila asubuhi naomba msaada wa waya za kubusti, gari likiwaka naondoka zangu nikiamini altaneta itajaza njiani. Altaneta imeundwa kuitunza betri iliyo nzima, si kuifufua iliyokufa. Ukiipa betri tupu, itasukuma mkondo karibu na ukomo wake kwa muda mrefu, na huko kwenye ukomo ndiko joto linakokaa.

Ya tatu ilipokufa, miezi sita baadaye, sikwenda kwa mtu. Nilitandika shuka kuukuu sakafuni, nikafungua boliti ndefu zinazobana vifuniko viwili vya alumini, nikaichunguza kama maiti.

Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa wazi hata kabla sijashika spana. Matundu ya nyuma, yale yanayovuta hewa, yalikuwa yamezibwa na kitu kama kipande cha blanketi: vumbi lililoshikana na oili likakomaa. Nikalibandua kwa bisibisi, likatoka lote kwa pamoja, na upande wake wa ndani lilikuwa na sura ya matundu, kama tofali linavyotoka na sura ya kalibu yake. Nililiweka kando kwenye shuka nikalitazama muda mrefu. Ndani, waya za koili, ambazo zikiwa nzima huwa na rangi ya shaba inayong'aa, zilikuwa nyeusi. Vanishi inayozifunika waya imepasuka, ukiigusa inadondoka unga. Harufu yake ilikaa kwenye vidole vyangu mpaka kesho yake.

Basi niwaambie kitu ambacho hakuna muuza spea aliyewahi kuniambia. Altaneta inayotoa amperi 100 kwa volti 14 inatoa wati 1,400 za umeme. Nyingi zina ufanisi wa kama asilimia 60, kwa hiyo ili upate hizo 1,400 injini inatoa zaidi ya 2,300. Zile 900 na ushee zinazopotea karibu zote zinageuka joto. Ni pasi ya umeme imewashwa ndani ya kopo la alumini, na kopo lenyewe limefungwa ubavuni mwa injini yenye moto wake.

Dayodi, vile vipande vidogo vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, ndizo zinazonitia huruma. Umeme unaozaliwa mle ndani ni mkondo geu, unaokwenda na kurudi, betri inataka mkondo mnyoofu, wa upande mmoja, na dayodi sita au zaidi ndizo zinazofanya kazi ya kunyoosha. Kila moja hula karibu volti moja, na mkondo hupita kwenye mbili kwa wakati mmoja. Kwa amperi 100 hizo ni takriban wati 200 kwenye sahani ya alumini isiyozidi kiganja changu.

Kinachookoa yote hayo ni upepo. Kwenye altaneta za zamani kuna feni moja kubwa inayoonekana nje, nyuma ya puli, lile gurudumu linalovutwa na mkanda. Kwenye za siku hizi feni ni mbili, zimo ndani, zimechomelewa kwenye rota, ile sehemu inayozunguka, moja kila upande. Zinavuta hewa kwa matundu ya mbele na ya nyuma, zinaitupa pembeni ikipita katikati ya vichwa vya koili, inatokea kwenye nyufa zilizozunguka mwili wake. Hewa ya nyuma hupitia kwanza kwenye sahani ya dayodi. Ni hivyo tu. (Zipo za kupozwa kwa maji ya rejeta. Baadhi ya BMW za mwisho wa miaka ya 1990 zilikuwa nazo. Kama gari lako ni mojawapo, una matatizo yako mengine na mimi siyawezi.)

Sasa angalia mtego. Feni imefungwa kwenye rota, kwa hiyo inazunguka kadiri injini inavyozunguka. Puli ya altaneta ni ndogo kuliko ya injini, ndiyo maana inakwenda mara mbili mpaka tatu ya mwendo wa injini. Ukiwa umesimama kwenye foleni, injini iko mizunguko 800 kwa dakika, altaneta inapata kama 2,000 na kidogo. Kiyoyozi kinadai, feni ya rejeta inadai, taa zinadai, amplifaya yangu nayo ilikuwa inadai. Regyuleta, kidhibiti cha volti, inaimwagia rota mkondo wote iwezao ili kufidia. Mzigo ni mkubwa, upepo ni mdogo. Na shaba ikipata moto huukazia umeme njia: kutoka nyuzi 20 hadi 120, ukinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 40. Yaani joto linazaa joto. Ndiyo maana altaneta iliyopata moto hutoa umeme pungufu kuliko ileile ikiwa baridi, kwa mwendo uleule.

Oili ile ilitoka wapi? Kwenye gasketi ya kifuniko cha juu cha injini. Nilikuwa naijua. Kwa miaka miwili nilikuwa naiita jasho. Inashuka tone kwa tone juu ya altaneta, vumbi linakuja linanata, blanketi linafumwa. Na si hivyo tu. Kati ya ekzosi na altaneta palikuwa na matundu matatu ya boliti yasiyo na boliti. Hapo palikuwa na bati la kukinga joto. Lilikuwa likilia likilia, fundi akanifungulia, akaniuliza kama alirudishe. Nilimwambia alitupe, kelele zake zimenichosha. Mimi. Kwa mdomo wangu.

Kwa hiyo nikupe ushauri, ndugu yangu uliyechoka, maana nimeulipia. Kabla ya kununua altaneta nyingine, tafuta joto linatoka wapi. Angalia matundu. Angalia kinachovuja juu yake, iwe oili ya injini au ya usukani, na ukizibe kwanza. Angalia kama bati la joto lipo na kama kava la chini ya injini lipo, maana pasipo kava matope yote ya barabarani yanaishia kwenye matundu. Fenibelti, ule mkanda unaoizungusha altaneta, ikilegea huteleza, puli inapata moto na feni inapunguza mwendo, tatizo mbili kwa bei ya moja. Shika mita, pima volti injini ikiwaka na kila kitu kimewashwa: ukiona 13.8 hadi 14.4 uko salama. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye boliti kubwa ya altaneta, ile inayotoa umeme, na nyingine kwenye chanya ya betri, bado mzigo ukiwa juu. Ikizidi volti 0.3, waya au nati imeoza, nayo inapika. Betri ikilala kabisa, ichajiwe kwa chaja. Na tafadhali usimruhusu muosha magari amwagie altaneta dawa ya kuyeyusha grisi. Halafu angalia matundu tena.

Najua kuna watakaosema ninajifanya fundi. Wengi wetu tunapenda kubadilisha kitu kuliko kukitazama. Kubadilisha kunakupa risiti, kutazama kunakupa aibu. Mimi nilipendelea risiti mara mbili.

Altaneta ya nne ina miaka minne sasa. Nimeinunua kwa muuzaji yuleyule niliyemwita muuza takataka. Nilimwomba radhi, akaniuzia bila kunitazama usoni, na sikumlaumu. Amplifaya niliitoa. Kipimajoto changu cha kuelekezea kwa mbali kilikuwa kikisoma nyuzi 118 kwenye mwili wa ile ya tatu wiki zake za mwisho, nikadhani kimeharibika. Hii ya nne, mzigo ukiwa uleule ukiacha muziki, haijawahi kuvuka 85. Ukipima usishtuke joto likipanda kidogo mara tu baada ya kuzima gari: feni imesimama, moto bado umo.

Jana usiku msomaji wangu kanitumia picha ya altaneta mpya ikiwa kwenye boksi, anataka nimthibitishie kama ni orijino. Nimemwambia aniletee picha ya mahali atakapoifunga. Kaileta. Juu kabisa, pembeni, kuna mstari mweusi unaong'aa unashuka kutoka kwenye kifuniko cha injini.