Kuzumu na kusogeza kamera, si kitu kimoja?

SWALI: Habari mhariri, mi najifunza kushuti filamu fupi kwa simu. Nikitaka sura ya mwigizaji ijae kwenye skrini nazumu tu, yaani naikuza picha kwenye simu bila kusogea, ila mwenzangu anasema nisogee mwenyewe na kamera. Kuna tofauti kweli?

JIBU: Ipo, tena kubwa. Ukizumu, mtu na ukuta ulio nyuma yake vinakuzwa kwa pamoja, kwa hiyo mtazamaji anaona kikubwa lakini ni kama bado kasimama palepale. Ukimsogelea, yeye anakua haraka kuliko vitu vya nyuma, vya pembeni vinapita, na hapo ndo unahisi kabisa umemwendea. Halafu zumu ya kidijitali inakata tu picha na kuitanua, ndo maana inatoka na chengachenga.

Pembe za kamera nazo zinaongea, kamera ikiwa chini inatazama juu mtu anaonekana ana nguvu, ikiwa juu anaonekana mnyonge, ila we anza na usawa wa macho. Na tafadhali shuti kwanza picha pana ya mahali penyewe, watu wanaisahau sana hii, ukianza na sura tupu mtazamaji anabaki anajiuliza hapa ni wapi.