Kitovu kinachopanda na kushuka

Mtanda, Lindi

Mwanangu mpenzi,

Huku sote wazima. Video ya mjukuu wangu nimeitazama mara tano. Unauliza mbona akilala tumbo ndilo linalopanda na kushuka, kifua kimetulia, na kama huo ni ugonjwa. Hapana, mama. Wachanga ndivyo wanavyopumua. Nimewaona miaka yote niliyokaa wodi ya wazazi.

Mapafu hayana msuli wa kujivutia hewa. Kazi hiyo ni ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Unalikumbuka lile kawa la ukindu la kufunikia wali? Kiwambo kimebinuka vile vile: juu yake mapafu na moyo, chini ini na tumbo. Kikijikaza kinashuka, kifua kinapata nafasi, hewa inaingia. Kikilegea kinarudi juu, hewa inatoka. Sasa kikishuka, ini na utumbo viende wapi? Vinasukumwa mbele, na kitovu kinainuka. Sisi wakubwa mbavu hutusaidia kwa kutanuka. Zake bado laini, tena zimelala, basi karibu kazi yote ni ya kiwambo. Hata ile kwikwi iliyokutia hofu ni chenyewe kimeshtuka. Itapita, usimpe maji.

Ila kile kitambaa nilichokiona kimezungushwa tumboni, kifungue leo. Najua waliokushauri wanampenda mtoto. Wewe ukiwa na wiki tatu ulifungwa hivyo hivyo, nami mzazi mpya nikanyamaza. Ukawa unahema juu juu, unaacha ziwa kila baada ya mafunda mawili. Nilipofungua fundo, tumbo likajaa, ukanyonya mpaka usingizi ukakuchukua. Nilikaa nakutazama hadi alfajiri.

Cha kuangalia ni mbavu. Akiwa ametulia, mfunue nguo, tazama saa, hesabu pumzi kwa dakika nzima, si nusu, maana wachanga huvuta upesi upesi kisha wakasita kidogo. Kwa kuwa hajatimiza miezi miwili, zikifika 60 au zaidi, hesabu tena. Zikibaki hivyo, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea sana ndani anapovuta pumzi, au akigumia, au midomo ikiwa ya bluu, mpeleke hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Mimi nipigie mkiwa njiani, si kabla.

Mama yako