Uyoga mweupe wenye pete: chimba kwanza

Habari ndugu. Umeokota uyoga mweupe wenye pete kwenye ukingo wa misonobari, Mafinga, na unauliza kama ni wa kichuguu. Kwa picha ya juu pekee sithubutu kukuambia ule.

Rudi ulipouokota. Usikate shina, chimba taratibu kwa kijiti mpaka ung'oke mzima. Wa kichuguu una mzizi mrefu unaozama mpaka kwenye kiota cha mchwa. Ukikuta kitako kimevimba na kimekaa ndani ya kifuko cheupe kama ganda la yai lililopasuka, acha kabisa. Wengi hukosea hapa hapa, maana wamekata na kifuko kimebaki ardhini.

Kisha laza kofia kwenye karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, ufunike na bakuli usiku kucha. Unga utakaodondoka kwenye karatasi, kwa uyoga wa kichuguu, ni wa pinki hafifu. Mweupe au wa kijani, tupa.

Kuchemsha hakuondoi sumu ya ule wa kifuko, na kutapika huanza baada ya saa 6 hadi 24, ini likiwa limeshaguswa. Kama kuna aliyekwisha kula, mpelekeni hospitali sasa hivi na mabaki ya uyoga.