Mwaka wa kwanza na darasa la kwanza: yaliyonifaa na yaliyoniumbua

Mleta mada, umesema umetolewa madarasa ya juu ukapewa darasa la kwanza, watoto arobaini na ushee, na mwalimu mkuu anataka "shughuli za kuwakaribisha na kuwatia hamasa". Waliotangulia kukujibu wamekutajia maputo, muziki, vikaragosi na zawadi. Mimi nina miaka kumi na moja na watoto wa umri huo. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hayo yote, nikaumbuka.

Nilipamba mpaka madirisha. Nikaazima spika kubwa kuliko watoto wenyewe. Watu wazima tulifurahi sana. Watoto, wengine walilia, wengine wakakodoa macho tu. Mmoja alikaa kimya, mikono kaibana katikati ya mapaja, nikamsifia mbele ya wenzake kwa utulivu wake. Kumbe mwenzangu amebanwa. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha choo, wala aliyemwambia kwamba anaruhusiwa kuomba. Akajikojolea palepale kitini huku muziki unaendelea. Nilikuwa nimeandaa nyimbo sita na sikuwa nimefikiria choo hata mara moja.

Tangu siku hiyo shughuli yangu ya kwanza ni matembezi. Nawagawa watoto makundi madogo, kila kundi nalipa karatasi yenye picha nne: choo, bomba la maji, ofisi ya mwalimu mkuu na kengele. Wanazitafuta kama wapelelezi, wakikipata kitu wanatia alama. Chooni tunaingia hasa. Tunafunga mlango, tunafungua, tunanawa. Usicheke. Wako watoto wanaoshinda na haja kutwa kwa kuogopa mlango utagoma kufunguka. Halafu nawafundisha ishara ya mkono ya kuomba ruhusa, maana mtoto wa miaka sita ukimtaka atamke haja yake mbele ya wageni arobaini, atanyamaza mpaka yamfike.

Jina lifuate hapohapo. Kabla hawajafika naweka kadi mezani, jina na picha ndogo ya mnyama, na picha ileile naibandika pale anapotundika mkoba. Asiyejua kusoma anamtafuta kobe wake, anamkuta, anajua hapa ni pake. Mzazi namuuliza jambo moja tu: nyumbani mnamwitaje? Kuna binti niliyemwita kwa jina la kwenye rejista wiki nzima bila kuitika, nikaanza kushuku masikio yake. Hakuwa na tatizo lolote. Jina lile hakuwahi kuitwa na mtu yeyote.

Ule mchezo wa kukaa duara na kukariri majina ya wote waliotangulia, uache. Wa mwisho kwenye duara anakaa roho juu dakika kumi nzima. Sisi tunaviringisha mpira sakafuni. Anayeupokea anataja jina lake mwenyewe, basi. Wiki ya pili ndipo anayeviringisha anamtaja anayemtupia. Asiyetaka kusema anaviringisha kimya kimya, na mchezo hauharibiki.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliamini kuliko mengine yote, nalo ni kazi. Sisemi kazi ya daftari. Nasema zamu. Kufikia Ijumaa ya kwanza kila mtoto wangu ana cheo: mfuta ubao, mfungua madirisha, mhesabu penseli, mmwagiliaji, mpokea wageni, mtangazaji wa hali ya hewa anayechungulia nje asubuhi na kutupa taarifa. Sharti langu ni kwamba kazi iwe ya kweli, yaani asipoifanya kitu kikwame. Mfuta ubao akisahau, mimi siandiki. Nasimama na chaki mkononi, nasubiri.

Nilikuwa na kijana aliyelia getini kila asubuhi kwa wiki tatu. Tulimjaribu kwa nyimbo, kwa michezo, kwa kumbeba. Siku moja, kwa kuchoka tu, nikamkabidhi kopo la penseli nikamwambia ziko kumi na mbili, jioni nazitaka kumi na mbili. Jioni zilikuwa kumi na moja. Akapekua chini ya meza zote, akaiona, akanikabidhi kopo kwa uso wa mtu mzima. Kesho yake akaja anakimbia, maana penseli zilikuwa hazijahesabiwa. Sherehe inamfanya mtoto kuwa mgeni. Zamu inamfanya mwenyeji, na mwenyeji hakimbii kwake.

Kwa hiyo nyota za dhahabu na zawadi za kila siku mimi nimeziacha. Nilikuwa na chati nzuri ukutani. Baada ya mwezi mmoja watoto walikuwa wakinionyesha mchoro na kuuliza "hii nyota ngapi?" kabla hata rangi haijakauka. Baadaye nikasoma juu ya utafiti wa wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett wa mwaka 1973 huko Marekani. Watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora waliahidiwa cheti ili wachore. Wiki moja au mbili baadaye, vyeti vikiwa vimekwisha, hao walioahidiwa walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Nilisikia aibu kidogo, chati yangu ilikuwa bado ipo ukutani. Sasa mtoto akiniletea mchoro namuuliza habari zake: huyu nani, mbona ana miguu mitano? Swali la namna hiyo linamrudisha mezani kuongeza mguu wa sita.

Hadithi, kila siku, bila kukosa. Dakika kumi na tano, wamekaa chini karibu nami, na wakati huo hakuna mtihani wala "tumejifunza nini". Nikiuliza swali nanyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alipima jambo hili madarasani miaka ya sabini: walimu wengi husubiri jibu kwa sekunde moja hivi, kisha wanalitoa wenyewe au wanamrukia mtoto mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu ukiwa mbele ya watoto arobaini ni ndefu, ndugu yangu. Mimi nazihesabu kwa vidole vya miguu ndani ya kiatu.

Nilikuwa na mtoto ambaye hakutamka neno darasani kwa wiki saba. Nyumbani, mama yake alisema, hanyamazi. Sikumlazimisha. Alikuwa na zamu yake ya kugawa vitabu na ishara zake za mkono, tunaelewana. Siku hiyo nasoma hadithi waliyoizoea, nina haraka, nikafunua kurasa mbili kwa pamoja. Sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, umeruka." Darasa zima likageuka. Nikarudi ukurasa ule nikaendelea kusoma kana kwamba hakuna kilichotokea, ingawa koo lilinibana.

Kuotesha mbegu usikuache, ila usikufanye kuwa mapambo. Maharage kwenye chupa angavu: weka karatasi laini au pamba iliyoloweshwa, mbegu ikae kati ya pamba na ukuta wa chupa ili mzizi uonekane. Mbegu ikiwa nzima na hali ya hewa ina joto, mzizi huchomoza katika siku tatu mpaka tano, na kabla wiki ya pili haijaisha majani yametoka. Kwa hiyo panda Jumatatu, wasirudi kutoka mapumziko ya wikiendi wakakuta mambo yamekwisha. Kila mtoto ana chupa yake na anachora anachokiona, siyo anachojua kinapaswa kuwepo. Mwaka mmoja mbegu ya kijana fulani ilioza. Nilitaka kuibadilisha kimya kimya jioni, nikajizuia. Asubuhi wenzake walimzunguka, mmoja akanusa akasema inanuka, mwingine akaona maji yamejaa mpaka juu. "Umeizamisha." Basi tukapanda mbegu tano zilizozama na tano zilizoloweshwa tu, tuone. Darasa la kwanza hilo, wanabishana juu ya maji na hewa, na mimi sijafungua kitabu cha sayansi. Walipogundua kwamba mbegu ukiigeuza kichwa chini mzizi bado unapinda kwenda chini, siku hiyo kengele ya mapumziko waliigomea.

Siku ya kuleta kitu cha kuonyesha darasani nayo ni nzuri, ila kataza vinavyonunuliwa, vinginevyo itageuka mashindano ya mifuko ya wazazi. Mimi nasema: lete kitu ulichookota njiani. Jani, unyoya, jiwe, kizibo. Na kaka au dada wa darasa la juu wa kumshika mkono wakati wa mapumziko ni msaada mkubwa, mradi umchague mwenyewe. Viranja wanaopenda amri watakuletea vilio.

Asubuhi nasimama mlangoni. Kuna picha nne za salamu: kupunga, kupeana mkono, kugonganisha viganja, kucheza kidogo. Mtoto anagusa moja, tunasalimiana, anaingia. Watoto arobaini kwa sekunde nne kila mmoja haifiki dakika tatu, na hapo nimeshajua nani hajalala na nani ana homa. Wazazi waombe waage mara moja, waondoke. Anayerudi kuchungulia dirishani anamliza mtoto mara ya pili, na wa pembeni yake pia.

Sasa huyo mwalimu mkuu na tamasha lake. Usibishane naye, mwombe tarehe tu. Mimi nililisogeza kutoka siku ya kwanza hadi wiki ya mwisho ya muhula. Wakati huo watoto ndio wanaopokea wageni mlangoni, wanawaonyesha choo kilipo, na mtangazaji wa hali ya hewa anafungua shughuli kwa kuchungulia nje. Spika niliazima tena, lakini ndogo.