Maswali ya Wasomaji: Mbona Nguva Hawaongezeki?

SWALI: Mhariri, salaam. Wazee wetu husimulia kwamba zamani nguva walionekana mara kwa mara. Ikiwa kuwaua ni kosa kisheria, mbona hawaongezeki? Na je, ndio wale wale wa Florida tunaowaona kwenye televisheni?
Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Ndugu msomaji, nguva ni mamalia wa baharini anayekula nyasi bahari; wale wa Florida ni manati, jamaa yake. Mkia wa manati ni wa mviringo kama kafi, ilhali wa nguva umegawanyika pande mbili, na nguva haishi mitoni.

Kuhusu kutoongezeka, tuanze na uzazi. Nguva jike huweza kupitisha miaka 10 kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza, hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka, huzaa mtoto mmoja tu na kumnyonyesha hadi miezi 18, hata kati ya mtoto na mtoto hupita miaka 3 hadi 7. Kwa mnyama wa namna hii, majike wachache wakifa kila mwaka, idadi nzima hushuka.

Na wengi hufia kwenye jarife. Nyavu hizi za matundu makubwa hutegwa jioni kwa ajili ya samaki kama papa na taa, zikakaa majini usiku kucha. Nguva anayefuata nyasi bahari hulazimika kupanda juu kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache. Akinaswa, hufa maji kabla mvuvi hajarudi. Kwa kuwa mvuvi hakumkusudia, naamini katazo la kuua, bila kuondoa jarife kwenye malisho yao, ni nusu ya kazi.

Malisho hayo, ambako nguva huacha michirizi mchangani anapong'oa nyasi pamoja na mizizi, hapa Tanzania yapo hasa kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa, nayo huharibiwa na makokoro (nyavu za kukokota) na uvuvi wa baruti. Desemba 2022, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, likikadiria kwamba waliokomaa hawafiki 250, wengi wao wakiwa kwenye visiwa vya Bazaruto, Msumbiji.

Mvuvi akimkuta angali hai wavuni, ainue kwanza pua yake juu ya maji apumue, kisha aukate wavu, amwachie palepale bila kumvuta ufukweni, na ampe taarifa afisa uvuvi.