Ukianza redio ya ridhaa, lipe jua miaka 11

Vijana wanaonijia kutaka kuanza redio ya ridhaa, yaani kuongea hewani na wenzao wa mbali kwa mapenzi tu na si kwa biashara, huuliza kwanza bei ya mashine. Siwalaumu, mashine ndiyo inayoonekana mezani. Ila katika watu niliowaona wakiiacha hobi hii, wachache walishindwa na fedha. Wengi waliingia mwaka mbaya wa jua, wakakesha wakisikiliza mikwaruzo mitupu, wakahitimisha kuwa ndivyo mambo yalivyo. Mashine ikauzwa.

Jua lina mzunguko wa takriban miaka 11. Madoa yake yakiwa mengi, miale yake hulitia chaji ya kutosha tabaka la juu la angahewa, yaani ionosfia, hata mawimbi ya megahezi 28, na mara nyingine 50, yakarudishwa chini badala ya kutokomea angani. Madoa yakiisha, bendi hizo, yaani mafungu hayo ya masafa, zinalala. Desemba 2019 jua lilikuwa chini kabisa, na kufikia 2024 lilikuwa kileleni. Aliyenunua redio 2019 akaiuza 2020 hakupata hata kujua ameuza nini. Kwa hiyo ukiingia, lipe jua mzunguko mmoja ndipo utoe hukumu. Maisha ya mtu yanabeba mizunguko sita au saba hivi, na hakuna miwili inayofanana. Sijui hobi nyingine ambayo uwanja wake unabadilika wenyewe namna hii.

Mimi niko Tanga. Nilianza kama wengi wa rika langu, kwa redio ya baba, nikizitafuta idhaa za Kiswahili za ng'ambo kwenye mitabendi 25 na 31. Habari nilizisikiliza, lakini kilichoninasa ni kwamba idhaa ile ile, saa ile ile, leo inakuja safi na kesho inazama na kuibuka. Mtangazaji ni yule yule, redio ni ile ile. Basi kilichobadilika ni njia, na njia hiyo ndiyo ninayoifuatilia mpaka leo nimestaafu.

Fedha zako nyingi ziende kwenye antena. Waya mbili za mita 10 kila mmoja, zimefungwa katikati kwenye kebo na kutandazwa kati ya mnazi na mwembe, zinakupa antena ya megahezi 7. Ikining'inia chini chini, mawimbi mengi yanapanda wima na kushuka mikoa ya jirani: mchana utaongea na Dodoma bila shida. Ukitaka mbali, ipandishe. Wakati wa masika kebo ichomolewe kabla radi haijafika, si baada ya kusikia ngurumo. Na leseni ni lazima kabla hujarusha chochote: Tanzania unaomba TCRA, Kenya unaomba Mamlaka ya Mawasiliano. Huku maombi yakishughulikiwa, sikiliza.

Cha kusikiliza kipo. Weka redio kwenye megahezi 14.100. Kuna mitambo 18 iliyotawanywa duniani ambayo hupokezana hapo, kila mmoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika tatu. Kila mtambo hutaja alama zake za utambulisho kwa Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, kisha hutoa mistari minne, yaani milio mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne wati 0.1. Wa Kenya umepewa alama 5Z4B. Ukisikia mstari mmoja tu kutoka Japani, njia ipo lakini nyembamba. Ukisikia yote minne, na ule wa mwisho una nguvu ndogo kuliko tochi ya mfukoni, utaelewa kwa nini nasema mashine kubwa si jambo la haraka.

Kama husikii kitu, usiseme bendi imelala kabla hujakagua nyumba. Zima swichi kuu, washa redio kwa betri, kisha rudisha umeme na uwashe kimoja kimoja. Taa za LED za bei rahisi, chaja za simu na inveta za sola zinatoa kelele zinazofunika nusu ya dunia. Nyumba za siku hizi zina hizo kuliko vijiko.

Halafu daftari la unayoyasikia. Andika palepale, usingoje kesho, na uandike kwa saa za dunia, UTC, maana mwenzako wa Ugiriki hana habari na saa zetu. Kwa kweli saa za Kiswahili ni rahisi kugeuza: mchana unaongeza 3, usiku unaongeza 15. Saa nne asubuhi ni 07:00. Saa moja usiku ni 16:00. Saa tisa usiku jumla inakuwa 24, maana yake tarehe mpya ya UTC imeanza, na hapo ndipo madaftari mengi yanapovurugika.

Daftari ndilo linalokuonyesha vioja, na sisi wa pwani hii tunavyo vya kutosha. Ninachokipenda kuliko vyote huja jioni, Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, jua likiwa karibu na kilele cha mzunguko wake. Kwa kawaida megahezi 50 haitakiwi kufika mbali. Lakini ikweta ya sumaku ya dunia, ambayo kwa upande wetu inapita kaskazini, kule Ethiopia, ina tabia yake. Mchana chembe zenye chaji huinuliwa juu yake, kisha huteremka pande mbili zikafanya vilima viwili ndani ya ionosfia, kimoja kusini na kimoja kaskazini. Wimbi la kutoka kwetu hupinda kwenye kilima cha kusini, hupita hadi cha kaskazini bila kugusa ardhi, na kushuka Ugiriki au Italia. Waliogundua njia hii mwaka 1947 walikuwa watu wa redio ya ridhaa, wakati wataalamu wa siku zile hawakuitarajia. Utaitambua kwa sikio. Morse inapoteza mlio wake na kuwa kama mtu anayepuliza pumzi, fupi na ndefu. Maneno ya mtu hayashikiki kabisa. Mgeni huanza kuzungusha kitufe cha masafa akidhani hajakaa sawasawa. Acha hivyo hivyo, ndivyo inavyokuja.

Aina ya mawasiliano ya kompyuta iitwayo FT8, iliyotolewa 2017 na Joe Taylor, mshindi wa Nobeli ya fizikia wa 1993, pamoja na Steve Franke, imewarahisishia wengi: kompyuta inasoma ishara dhaifu ambazo sikio haliwezi. Naitumia. Lakini ukitazama maandishi tu, ule mlio wa pumzi hutaujua kamwe, kwa hiyo spika yangu huwa wazi.

Kioja cha pili hakihitaji hata redio ya ridhaa. Msimu wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, hewa ya joto na kavu hulala juu ya hewa nzito yenye unyevu wa bahari, na mawimbi ya FM hunaswa katikati yakafuata uso wa maji badala ya kupaa. Hapa Tanga nimesikia stesheni za Malindi zikifunika za jirani. Bahari ya Arabuni ni kali zaidi: wakati wa Vita Kuu ya Pili, rada iliyokuwa Bombay ilikuwa ikiona pwani ya Arabuni, zaidi ya kilomita 1,500. Na 1957 watu wawili wa ridhaa, mmoja California na mwingine Hawaii, waliongea kwa megahezi 144 kupitia mfereji wa namna hiyo, kilomita kama 4,000.

Kuna na kinyume chake, ukimya. Kijana mmoja wa Muheza alinipigia simu mchana wa saa sita.

"Shikamoo mzee. Redio imekufa."

"Marahaba. Imekufaje?"

"Bendi zote kimya, hata zile kelele za radi za mbali zimeisha. Naifungua nione fyuzi."

"Usiguse kitu. Kunywa maji, ngoja."

Haikupita saa moja, megahezi 21 ikarudi, ikafuata 14, ya 7 ikawa ya mwisho. Jua lilikuwa limelipuka. Miale yake ya eksirei hufika kwetu kwa dakika nane na kulinenepesha tabaka la chini la ionosfia, ambalo hunyonya mawimbi mafupi upande wote wenye mchana, na masafa ya chini ndiyo yanayochelewa kupona. Mmarekani Dellinger aliichunguza hali hii miaka ya 1930. Mpangilio ule wa kurudi, juu kwanza chini mwisho, ndio ushahidi. Fyuzi haiungui hivyo.

Mwangwi nao usikutishe. Wimbi likizunguka dunia nzima hurudi baada ya kama sehemu ya saba ya sekunde, na ukiwa na bahati utasikia mkia wa Morse yako mwenyewe. Huo una maelezo. Usio na maelezo yaliyokubalika ni ule alioandika mhandisi Jørgen Hals wa Norwei mwaka 1927, akisikiliza stesheni ya PCJJ ya Eindhoven, Uholanzi: mwangwi ulirudi baada ya sekunde tatu. Mwezini kwenda na kurudi ni sekunde mbili na nusu tu. Mwaka uliofuata, katika majaribio na wanasayansi Størmer na van der Pol, ikapatikana hata miangwi ya sekunde 15.

Ukisikia kitu cha hivyo, kwanza ondoa sababu za kawaida. Siku hizi watu husikiliza kwa vipokezi vya mbali kupitia intaneti, na sauti ikivuja kutoka spika kwenda maikrofoni inarudi hewani imechelewa sekunde kadhaa. Wapo pia wanaorekodi na kurudisha kwa utani. Setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa 2018 na yenye chombo cha watu wa ridhaa, inachelewesha sauti robo sekunde, nayo inasikika hapa kwetu mchana na usiku. Vyote hivyo vikikataa, rekodi kwa simu, andika masafa, saa, upande antena ilikoelekea na muda wa mwangwi, uwatumie wenzako wakague.

Sasa jua linateremka, na huenda likafika chini tena karibu na 2030. Anayeanza leo asinunue antena kubwa ya megahezi 28. Atege waya wa 7, ajifunze kelele za nyumba yake, afungue daftari. Ila Machi ikifika, kuanzia saa mbili usiku, acha redio kwenye megahezi 50.313, masafa ya FT8, na spika iwe wazi.