Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Misafara ya Bagamoyo Haikutumia Farasi?

SWALI: Mhariri, asalamu aleikumu. Juzi niliwapeleka wanangu kwenye makumbusho ya misafara hapa kwetu Bagamoyo. Walipoona picha za wapagazi waliobeba pembe za ndovu mabegani, mdogo wao aliniuliza kwa nini wazee wetu hawakutumia farasi, ilhali katika filamu za Ulaya farasi ndiye anayefanya kila kazi. Sikuwa na jibu. Naomba utueleze farasi wa kazi wa zamani aliishije, na kwa nini huku kwetu hakutumika. — Mama wa watoto watatu, Magomeni, Bagamoyo.

JIBU: Waaleikumu salamu, mama. Filamu humwonyesha farasi akikimbia na kuvuta magari, lakini ni nadra kumwonyesha akila, na hapo ndipo penye sehemu kubwa ya jibu la mwanao.

Farasi ana tumbo dogo kwa kimo chake. Ng'ombe hujaza tumbo malishoni kwa haraka, kisha hujilaza kivulini akacheua. Farasi hacheui, bali hutafuna kidogo kidogo, na akiachwa huru hutumia zaidi ya nusu ya mchana na usiku wake akiwa ameinamia majani. Mtu anapomfunga plau au gari tangu asubuhi hadi alasiri, huwa amemnyang'anya saa zake za kula, na deni hilo halilipiki kwa majani matupu. Hulipwa kwa nafaka, yaani kwa chakula ambacho mwenye farasi na watoto wake wangeweza kukila wao wenyewe. Kwa sababu hiyo mtunzaji wa farasi, ambaye Kiswahili cha wazee kinamwita saisi, alilazimika kuamka kabla ya mnyama wake, amlishe mapema ili chakula kitulie, amnyweshe, akague kwato moja baada ya nyingine, na jioni amsugue jasho kabla ya kumlisha tena. Siku ya farasi wa kazi ilikuwa pia siku ya binadamu mmoja aliyemtumikia.

Gharama hizo ziliwaumiza kichwa hata wenye mashamba makubwa. Katika karne ya 13, Mwingereza Walter of Henley aliandika mafunzo ya kilimo ambamo aliwalinganisha farasi na maksai kwa hesabu kali kabisa: farasi alihitaji kila usiku walau sehemu ya sita ya busheli (kipimo cha Kiingereza cha nafaka) ya oti, nafaka inayopendwa na farasi, na viatu vyake vya chuma viligharimu kiasi cha peni moja kwa wiki. Akizeeka, mwenyewe haambulii ila ngozi, ilhali maksai akizeeka hunoneshwa kwa majani akaliwa. Walter alipendelea maksai kwa kulima, na mimi, kama ningekuwa mkulima wa wakati ule, ningemsikiliza.

Hata hivyo farasi alikuwa na jambo moja ambalo maksai hana, nalo ni mwendo. Ndiyo maana huko Uingereza alitangulia kupewa kazi za kuvuta magari na haro, yaani chombo chenye meno cha kuvunjavunja udongo uliolimwa, huku plau ikibaki kwa maksai kwa muda mrefu. Katika kitambaa mashuhuri cha Bayeux, kilichotariziwa katika karne ya 11, yumo farasi akivuta haro shambani. Kazi hiyo ilirahisishwa na pete nene ya ngozi iliyojazwa majani makavu, iliyovishwa shingoni na kukaa mabegani, ili farasi asukume kwa mabega yake bila kubanwa koo.

Warumi nao waliishi na farasi kwa ukaribu ambao wengi wetu tusingeuvumilia. Huko Wallsend, kaskazini mwa Uingereza, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua mabweni ya wapandafarasi ambamo farasi watatu walikaa chumba cha mbele na askari wao watatu chumba cha nyuma, na katika sakafu ya chumba cha farasi lilikuwapo shimo la kupokea mkojo. Harufu yake mtu aikadirie mwenyewe.

Sasa turudi Bagamoyo. Si kweli kwamba farasi hakujaribiwa. Mwezi Machi 1871 Henry Morton Stanley, akienda kumtafuta Livingstone, aliondoka katika mji wenu akiwa na farasi wawili, mmoja wao zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Wote wawili walikufa Kingaru, mwendo wa siku chache tu kutoka pwani. Stanley alimpasua yule wa Sultani akakuta minyoo imemng'ang'ania tumboni. Lakini hata wangepona minyoo, mbele yao yalikuwapo mapori ya mbung'o, mdudu anayeeneza nagana, ugonjwa ambao farasi huuhimili vibaya kuliko wanyama wengi wa kufugwa. Chanzo chake, kijidudu kinachoishi katika damu, kilitambuliwa na David Bruce huko Zululand katika miaka ya 1890; wenye misafara walikuwa wameshajua zamani kwamba mnyama akipita pori fulani hatoki. Punda walistahimili kidogo zaidi, na Stanley alikuwa nao 27, lakini nao walipungua njiani.

Basi mzigo ukabaki kwa mpagazi. Alibeba kiasi cha frasila mbili, karibu kilo 32, akapita vijia ambavyo gari lisingepita. Mwambie mwanao kwamba wazee hawakukosa akili ya kutumia farasi. Farasi ndiye aliyekosa uhai wa kufika Tabora.

SWALI: Je, ni kweli kwamba farasi hulala akiwa amesimama? — Msomaji wa Ngamiani, Tanga.

JIBU: Nashukuru kwamba mkazi wa mtaa wenye jina la ngamia amekumbuka kuuliza habari za farasi. Ni kweli, ila kwa nusu. Kano za miguu yake zinaweza kujifunga hivi kwamba husinzia wima bila kuanguka wala kuchoka, lakini usingizi mzito haumjii mpaka ajilaze, nao humtosha kwa muda mfupi tu kila siku. Kwa hiyo saisi mzuri alimtandikia majani makavu na kuacha kamba ndefu ya kutosha kumruhusu alale chini. Farasi aliyenyimwa nafasi hiyo kwa siku nyingi husinzia mno akiwa wima hadi miguu ya mbele ikakunjika ghafla, akajichubua. Mnunuzi makini sokoni alifungua kinywa na kutazama meno ili ajue umri, kisha akainama kutazama magoti.